Mionzi ya kansa ya kinywa: siku 30 na uji wa kila siku

Mazungumzo ya Komite ya Afya mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba, Katogota



Mkutano uliopita mlitupa kazi mbili. Ya kwanza, tueleze waziwazi ni matibabu gani yale mzee wetu alifuata Dar es Salaam, juu maneno yamekuwa mengi njiani na kwenye bomba la maji. Ya pili, tuseme makuta yalipita wapi, na kama ni vizuri chama kifanye vile tena kwa mtu mwingine. Tutajibu zote mbili kwa pamoja. Mtu asiyeelewa ile mionzi inafanya kazi namna gani hawezi kuelewa kwa nini makuta mengi yalienda kwenye kitanda na chakula, si kwenye mashine.

Mzee mwenyewe ametupa ruhusa. Amesema tuseme yote isipokuwa jina lake, ingawa hapa Katogota nyote mnamjua.

Ilianza na kidonda pembeni ya ulimi, upande wa kushoto. Kidogo tu, kama mtu aliyejiuma. Hakikumuuma sana, na hapo ndipo ubaya wake: kansa ya kinywa ikiwa changa mara nyingi haiumi. Akasukutua na maji ya chumvi, akapewa majani, akapewa unga fulani wa kupaka. Sehemu moja, hatutaitaja, walimng'oa jino lililokuwa likigusa kile kidonda, wakamrudisha nyumbani na vidonge, na hakuna aliyemwambia atoe ulimi nje wautazame. Jino likaenda, kidonda kikabaki. Watu wakaanza kusema karuho. Wengine wakasema ni mtu waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Miezi minne ikapita hivyo, mpaka muuguzi mmoja akakishika kwa kidole, akasikia kingo zake ni ngumu, akapapasa shingo na kukuta tezi imevimba. Huyo akasema: nenda Bukavu, wakate kipande kidogo, kiangaliwe kwa hadubini. Jibu likarudi: kansa, ile wengi wetu tunaiita kansere.

Juu ya karuho tuseme neno moja tu. Kansa ya kinywa ina vyanzo vinavyojulikana, na viwili vikubwa ni tumbako na pombe kali. Tumbako ya kuvuta, ya kunusa, ya kutafuna, zote. Na mtu anayetumia vyote viwili, hatari yake haijumlishwi, inazidishwa. Mzee wetu alianza kuvuta tukiwa Lugufu, na lutuku alikuwa haikatai. Anasema mwenyewe. Lakini kuna watu wanaopata ugonjwa huu bila kuvuta na bila kunywa, kwa hiyo tusimgeuze mgonjwa kuwa mshitakiwa.

Na tukiwa hapohapo: bamama, mtoto akivimba taya ghafla na meno yakaanza kulegea, hiyo ni kitu kingine. Munganga Denis Burkitt aliandika juu ya uvimbe huo mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala, na ugonjwa umebeba jina lake mpaka leo. Ule unakua haraka sana, kwa siku na wiki, na dawa zake ni za mshipa. Mionzi haiko ndani yake. Mtoto wa namna hiyo haingoji mkutano wa chama. Anapelekwa hospitali siku ileile.

Turudi kwa mzee. Kwa kansa ya ulimi, kama inawezekana, kwanza wanapasua: wanatoa sehemu mbaya ya ulimi pamoja na tezi za shingo. Baadaye, wakiona kansa ilikuwa kubwa au imefika kwenye tezi, wanaongeza mionzi ili kuua mabaki yasiyoonekana kwa macho. Mionzi inatakiwa ianze wiki sita hivi baada ya upasuaji, isichelewe. Kidonda cha upasuaji kinahitaji muda wa kupona, lakini kansa nayo haingoji.

Kwa nini Dar es Salaam? Kivu yetu ya Kusini haina mashine ya mionzi ya kutibu. Ile inayopiga picha ya mfupa Uvira au Bukavu nayo inatumia mionzi, lakini ni ya kuona tu, na nguvu yake ni ndogo sana. Kigali iko karibu zaidi, mtu anapita Kamanyola na Bugarama, na kule Kanombe kituo cha kansa kilizinduliwa mwaka 2020. Wengi mlituuliza kwa nini hatukumpeleka huko. Jibu letu ni fupi: binti yake yuko Kigoma, mzee anaongea Kifuliiru na Kiswahili tu, na mengine ya mpaka hayahitaji kuelezwa kwenye mkutano. Mgonjwa mwingine tunaweza kumshauri Kigali bila aibu yoyote, ikiwa njia iko wazi na yeye mwenyewe ametulia moyo.

Tukiwa Lugufu, mtu akizidiwa alipelekwa Maweni, hospitali ya mkoa pale Kigoma. Baada ya Maweni hatukujua kuna nini. Sasa tunajua. Kuna reli ya kilomita zaidi ya 1,200 mpaka Dar es Salaam, na mwisho wake, pembeni ya bahari, kuna Taasisi ya Saratani Ocean Road. Jengo lake la zamani ni hospitali iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897. Taasisi yenyewe ilianzishwa rasmi mwaka 1996, mwaka uleule ambao sisi tulikuwa tunavuka ziwa na magodoro kichwani. Watanzania wanasema saratani, sisi tunasema kansa. Ukifika getini sema saratani.

Sasa ile mashine. Zamani, na mpaka leo sehemu nyingi, walitumia mashine ya kobalti. Ndani yake kuna kipande cha madini yanayotoa mionzi yenyewe usiku na mchana, na nguvu yake inapungua nusu kila miaka mitano na kidogo. Mashine mpya haina madini hayo ndani. Inatengeneza mionzi kwa umeme: ukiizima, hakuna mionzi, kama vile taa. Ocean Road imekuwa na mashine za aina hii tangu 2018.

Tofauti kubwa iko kwenye kulenga. Ninyi mnaolima mpunga huku bondeni mtaelewa upesi kuliko watu wa mjini. Maji ya mfereji ukiyaachilia tu, yanajaza shamba lako na la jirani, yanaoza mihogo yake, mnaishia kwa chifu. Lakini ukiweka vizuizi vidogo, ukafungua hiki na kufunga kile, maji yanaingia paka pale unapotaka. Mashine mpya iko na vibamba vingi vyembamba vya chuma mdomoni mwake. Vinaingia na kutoka, na mashine yenyewe inazunguka kichwa cha mgonjwa, kwa hiyo mionzi inatoka pande nyingi na kila upande ina umbo lake. Pale zinapokutana ndipo nguvu inakuwa kubwa. Jirani wanapata kidogo.

Na jirani za ulimi ni nani? Uti wa mgongo, taya, koo, na zile tezi za mate zilizo chini ya masikio. Ukiziunguza tezi za mate, mtu anabaki na kinywa kikavu maisha yake yote: hawezi kumeza bugali bila maji, meno yanaoza, usiku ulimi unagandamana. Kule Uingereza walilinganisha wagonjwa 94 wa kansa ya koo, nusu kwa njia ya zamani, nusu kwa njia hii ya kulenga, na matokeo yakatolewa mwaka 2011. Baada ya mwaka mmoja, kwa njia ya zamani watu 74 kati ya kila 100 walikuwa na ukavu mkubwa wa kinywa. Kwa njia mpya walikuwa 38. Haikufika sifuri, na kwa upande wa kuponya kansa yenyewe haikuonekana tofauti kubwa. Faida ni namna mtu anavyoishi baadaye. Sisi tuliokaa kambini tunajua kwamba kuishi na kuishi vizuri si kitu kimoja.

Lakini kulenga kuna bei yake. Ukilenga kwa milimita, mgonjwa hawezi kusogea hata milimita chache. Kwa hiyo wanamtengenezea kinyago. Ni kama wavu wa plastiki. Wanauloweka katika maji ya moto mpaka unalainika, wanauvuta juu ya uso na shingo, unapoa kwa dakika chache na kushika sura yake yeye peke yake. Halafu wanampiga picha za skana akiwa nacho, na munganga anachora juu ya picha, kipande kwa kipande, wapi pa kupiga na wapi pa kukwepa. Mafundi wa hesabu za mionzi wanafanya kazi yao kwa siku kadhaa. Kila siku ya matibabu mgonjwa analala chali, kinyago kinafungwa kwenye meza kwa vifungo, watu wote wanatoka, mlango mzito unafungwa, na yeye anabaki peke yake.

Hapa tutakaa kidogo. Wafadhili wetu wengi hawakuwa Katogota ile 14 Mei 2000. Sisi tulikuwepo, au jamaa zetu walikuwepo na hawapo tena. Kuna watu katika ukumbi huu hawawezi kulala mlango ukifungwa kwa nje. Mzee wetu ni mmoja wao. Siku ya kwanza, kinyago kilipobana na mlango ukafungwa, aliinua mkono, na walipoingia alisema anarudi nyumbani, kansa imuue tu. Hakuwa na woga wa dawa. Alikuwa amerudi usiku ule.

Binti yake ndiye aliyewaeleza wauguzi. Hawakucheka. Wakamwonyesha kwamba mlango unafungwa lakini kuna kamera, wanamwona muda wote, na kuna kipaza sauti. Wakamwambia akiinua mkono wakati wowote mashine inazimwa, na si mara moja tu, hata mara kumi. Wakamlaza bila kinyago kwanza. Wakampa hesabu: kazi yote mezani ni kama dakika kumi na tano, na mionzi yenyewe ni dakika chache. Binti akasimama nje kwenye kipaza sauti akamsomea majina ya vijiji kutoka Kamanyola mpaka Uvira, polepole, kama mtu aliye ndani ya gari: Kamanyola, Katogota, Luvungi, na kuendelea chini. Siku za kwanza alikuwa anafika Uvira na kuanza kurudi. Kwenye wiki ya tatu, anasema, mashine ilikuwa inanyamaza akiwa bado Sange.

Tunaandika hili juu ya sababu moja. Kama angekuwa peke yake, matibabu yangeishia siku ile ya kwanza, na yale makuta yote ya safari yangekuwa yamenunua kinyago cha plastiki. Tangu leo, Komite inashauri hivi: hatumtumi mtu bila msindikizaji. Tiketi ya msindikizaji ni sehemu ya dawa.

Sasa tuje kwenye hesabu ya siku, ndiyo kiini cha mazungumzo haya. Kipimo cha mionzi kinaitwa grei. Baada ya upasuaji, mtu wa kansa ya kinywa kwa kawaida anapewa grei 60, lakini si kwa siku moja. Anapewa 2 kila siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki sita: siku 30. Asiyepasuliwa anaweza kufika grei 70, siku 35, wiki saba. Wengi mliuliza: kwa nini wasimpige zote kwa wiki moja akarudi shambani? Kwa sababu nyama nzima ikiumizwa kidogo inajirekebisha usiku, na kansa inashindwa kujirekebisha vizuri hivyo. Kila siku mnawapiga wote wawili, na kila asubuhi mmoja ameamka na nguvu kuliko mwingine.

Na kwa nini asipumzike wiki moja katikati, kinywa kikiwa kimeungua? Hapa kila mkulima ajibu mwenyewe. Ukipalilia nusu ya shamba la mihogo halafu ukaenda msibani wiki mbili, unakuta nini? Majani yaliyobaki yamejaa nafasi yote, tena yanakua haraka kuliko mwanzo. Kansa ya kinywa inafanya vilevile: baada ya wiki tatu au nne za matibabu, mabaki yake yanaanza kuzaana kwa haraka. Waganga waliohesabu wanasema kila siku moja inayoongezeka juu ya muda uliopangwa inapunguza uwezekano wa kuimaliza kansa pale ilipo kwa asilimia 1 hivi, wengine wanasema 1.4. Mtu akikosa wiki mbili kwa kukosa nauli ya daladala, fanyeni hesabu wenyewe. Na hiyo mashine hata iwe mpya namna gani haiwezi kumrudishia. Ndiyo maana Saba Saba ilipoangukia siku ya kazi, walimpiga mara mbili siku nyingine, asubuhi na jioni, na saa zaidi ya sita kupita katikati, ili siku zisiongezeke.

Mwaka 2016 jambo hili lilionekana kwa nchi nzima. Uganda ilikuwa na mashine moja tu ya kutibu kansa kwa mionzi, ya kobalti, pale Mulago, iliyofungwa mwaka 1995. Ikaharibika kabisa. Watu waliokuwa katikati ya siku zao wakasimama hapohapo walipofika. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kutibu wagonjwa 400, lakini nauli, kulala na kula Nairobi ni kitu kingine, na kwa mtu wa kijijini hicho kitu kingine ndicho kikubwa. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Kwa hiyo, mtu akitaka kumpeleka mgonjwa popote, swali la kwanza si bei. Swali la kwanza ni hili: muko na mashine ngapi?

Mfadhili mmoja alituandikia kwa moyo mzuri akauliza kama makuta yake hayawezi kuwa mwanzo wa mfuko wa kununua mashine ya Uvira. Tunamshukuru, na tunasema hapana. Mashine ile inataka umeme usiokatika, na ninyi mnajua umeme wetu. Inataka chumba chenye kuta za zege nene sana, fundi wa hesabu za mionzi, fundi wa kuirekebisha, na vipuri kutoka mbali. Hiyo ni kazi ya Serikali na ya mashirika makubwa. Shirika la kimataifa la nguvu za atomiki lilianzisha mpango wake wa mionzi kwa Afrika Februari 2022, na Kongo yetu iliwekwa kati ya nchi saba za kwanza. Tuwaachie hao zege. Sisi kazi yetu ni uji.

Tunasema uji bila mzaha. Kwenye wiki ya pili na ya tatu kinywa kinaanza kuwaka. Ngozi ya ndani inachubuka, vidonda vyeupe vinatoka, mate yanakuwa mazito kama gundi, chakula kinakosa ladha au kinakuwa na ladha ya chuma. Mtu anaacha kula. Akiacha kula anakonda, na akikonda kinyago kinalegea: kile kilichobanwa kwa milimita sasa kinacheza, na mionzi inaweza kupiga jirani. Ikifika hapo wanalazimika kumpiga picha upya na kumtengenezea kinyago kingine na hesabu mpya. Kwa hiyo kilo za mgonjwa ni sehemu ya kulenga. Kule hospitali walimpima uzito kila wiki, na akipungua sana wanaweza kumwekea mpira wa kulishia. Yeye hakuufikia, na sababu ni jiko dogo la mkaa, binti na sufuria.

Bamama waliuliza alipika nini. Uji wa mahindi na soya wenye maziwa na mafuta kidogo. Mayai laini. Ndagala zilizokaushwa na kusagwa unga, zikachanganywa kwenye mchuzi wa viazi uliopondwa. Parachichi. Sombe iliyotwangwa sana mpaka haina nyuzi. Vyote vya uvuguvugu. Hakuna pilipili, hakuna limau, hakuna tumbako, na pombe hata tone, juu inaunguza palepale palipoungua. Kusukutua mara nyingi kwa siku: lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kidogo cha chumvi, kijiko kidogo cha bikabonati ya dukani. Magadi ya mawe msitumie, hayo yanachoma. Na dawa ya maumivu kwa saa zake, nusu saa kabla ya kula, si mpaka alie.

Meno nayo. Kabla ya siku ya kwanza munganga wa meno anaangalia kinywa chote, na jino bovu linang'olewa mapema, wiki mbili hivi kabla, ili shimo lipone. Mfupa wa taya uliopigwa mionzi haupati tena damu vizuri. Ukiung'oa jino baadaye, hata miaka kumi ikipita, shimo linaweza lisifunge na mfupa ukafa. Kwa hiyo mzee wetu, popote atakapokaa kwenye kiti cha meno, neno lake la kwanza litakuwa: nilipigwa mionzi. Familia yake iliandike kwenye karatasi na kuitunza pamoja na kadi ya uchaguzi.

Kuna neno lililotembea kijijini na tunataka lifie hapa: "Ukikula naye ku sahani moja, ile mwanga itakuingia na weye." Si kweli. Mashine ikizimwa, hakuna kinachobaki mwilini. Hana mionzi ya kumpa mtu, na kansa ya ulimi haiambukizwi kwa sahani. Wajukuu wake wamrudie.

Sasa makuta. Mwanamemba mmoja alisema kwa nguvu mkutano uliopita: "Sasa makuta ya chama yote itaisha ku kinywa ya mutu moja?" Ni swali la haki, na hatutaki lizimwe. Kashi yetu ni ya malaria, ya uzazi, ya misiba, ya mbegu mafuriko yakipita. Mtu mmoja anayekaa Dar es Salaam zaidi ya miezi miwili, tangu meno mpaka siku ya 30, anakula sehemu ya watu wengi. Mweka hazina ametundika hesabu ukutani na kila mtu anaweza kuisoma. Mtaona kwamba gharama ya chumba, chakula, mkaa na daladala za watu wawili ilizidi zile za hospitali tulizolipa sisi. Mtaona pia kwamba kotizo ya kawaida ililipa safari ya kwenda tu. Yaliyobaki yalitoka kwa wafadhili na kwa jamaa zetu walioko Kigoma.

Kwa hiyo Komite inaleta pendekezo lipigiwe kura leo. Tufungue kashi ya pili, tofauti, ya kulala na kula kwa wagonjwa wa mbali. Kashi ya kawaida isiguswe. Kila mwanamemba atie kidogo wakati wa mavuno, wafadhili waongeze. Na kabla mgonjwa hajaondoka, makuta ya siku zake zote yawe yamekamilika kwenye kashi, pamoja na ya msindikizaji. Yakiwa pungufu, tuseme wazi kwamba hatuwezi bado, tutafute zaidi. Kumtuma mtu kwa siku kumi na tano tukitumaini Mungu ataleta zilizobaki, hapo sisi wa Komite hatukubali. Bora achelewe siku chache kuondoka kuliko kukwama katikati.

Tunajua kwamba pendekezo hili linaweza kumwacha mtu nyuma. Tumelijadili jioni tatu na hatukupata lililo bora. Mwenye lake asimame.

Juu ya mzee: alimaliza siku zote 30. Kinywa kilichukua miezi kadhaa kutulia. Ladha imerudi nusu, anasema chumvi anaisikia na sukari bado. Anatembea na chupa ya maji. Maneno mengine yanamtoka mazito, juu ya kipande cha ulimi kilichotolewa. Anarudi kuangaliwa shingo na kinywa kila baada ya miezi michache, na hakuna munganga aliyemwambia amepona moja kwa moja. Hilo linasemwa baada ya miaka.

La mwisho ni la wote. Kidonda kinywani, au doa jeupe au jekundu lisilofutika, au uvimbe shingoni: kikipita wiki mbili, kikifika ya tatu, usisukutue tena. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya soko, wawili wetu watakaa kwenye ofisi ya chama na muuguzi, na tochi, na glavu. Kuangaliwa ni bure. Mtakaa, mtafungua kinywa, mtatoa ulimi, mtauinua juu, kushoto, kulia. Ni dakika mbili. Wavutaji waje kwanza.

Tunafungua maswali, kisha kura.